Homa imekwisha siku ya tatu, kwa nini sindano za mshipa ziendelee kwa wiki nne?

#1 Muuguzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Ndugu wana jukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani, na swali nililoliweka kwenye kichwa cha uzi huu nimeulizwa na ndugu za wagonjwa mara nyingi kuliko swali lolote jingine. Mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu huletwa akiwa hajitambui, anatetemeka kwa baridi huku mwili unawaka moto. Huwekewa dripu, huanzishiwa dawa, na siku ya tatu ameketi kitandani anaomba uji. Nyumbani kuna shughuli zilizosimama, kuna nauli ya anayeleta chakula asubuhi na jioni, kuna bili inayopanda. Ndugu wanaona mtu amepona, nasi tunawaambia kwamba bado siku ishirini na tano. Mwaka jana mzee mmoja aliondolewa na wanawe siku ya sita baada ya kusaini wenyewe, na aliporudishwa wiki tatu baadaye usaha ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo na miguu haikuwa na nguvu tena. Niliamini siku ile, na bado naamini, kwamba hatukuwaeleza vya kutosha. Nimeandika uzi huu ili maelezo ambayo sikuyatoa wakati ule yapatikane mahali.

Damu ya mtu mwenye afya haina bakteria wanaoishi ndani yake. Wachache huingia kwa muda mfupi, kwa mfano mtu anapong'olewa jino, na ini pamoja na wengu huwachuja kabla hawajaleta madhara. Shida huanza pale wanapoingia wengi, au wanapoingia mfululizo kutoka mahali walipojikita, iwe ni jipu, figo yenye maambukizi, pafu lenye nimonia, kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, au hata kanyula, kijibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, tuliyomwekea sisi wenyewe tukaiacha siku nyingi. Hapo mwili hujibu kwa nguvu inayouumiza wenyewe: shinikizo la damu hushuka, mkojo hupungua, pumzi huenda mbio, fahamu huyumba. Hali hiyo ndiyo inayoitwa sepsisi.

Dawa hupitishwa kwenye mshipa si kwa sababu dripu ina nguvu ya pekee, ingawa wapo watu wanaojiona hawajatibiwa mpaka watundikiwe chupa ya maji. Mgonjwa ambaye shinikizo lake limeshuka, utumbo wake haupati damu ya kutosha, kwa hiyo kidonge anachomeza huenda kisifyonzwe ipasavyo. Tena zipo dawa, kama jentamaisini, seftriaksoni, vankomaisini na meropenemu, ambazo utumbo hauzifyonzi kwa kiwango cha kutibu damu hata mtu akiwa mzima.

Jambo ambalo ndugu wengi hawalijui ni uzito wa saa. Penisilini ya sindano hupungua kwa nusu katika damu ndani ya takriban dakika 30, kwa kuwa figo huitoa kwa kasi, na kloksasilini haitofautiani nayo sana. Dawa za ukoo huu huua bakteria kwa urefu wa muda zinaokaa juu ya kiwango fulani, wala si kwa ukubwa wa dozi moja. Ikiwa imeandikwa kila baada ya saa sita, yaani saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, basi dozi ya usiku ikirukwa bakteria hubaki karibu nusu siku bila kuguswa. Seftriaksoni huchukua takriban saa 8 kupungua kwa nusu, ndiyo maana mara moja kwa siku hutosha kwa maambukizi mengi. Jentamaisini huua kwa kimo cha dozi, kwa hiyo siku hizi hutolewa kwa mkupuo mmoja kwa siku, huku figo na masikio ya mgonjwa yakifuatiliwa, kwa maana huweza kuyaumiza.

Kuhusu urefu wa siku, hakuna kisa kinachonigusa kama kile cha polisi wa Kiingereza, Albert Alexander, aliyelazwa Radcliffe Infirmary mjini Oxford. Bakteria walikuwa wamemla uso, wamempotezea jicho moja na kuingia mapafuni. Tarehe 12 Februari 1941 alianza kuchomwa penisilini kwenye mshipa, dawa ambayo kundi la Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley lilikuwa limeitengeneza kwa tabu kubwa, akichomwa kila baada ya saa 3. Ndani ya siku moja homa ilianza kushuka, usaha ukapungua, akaanza kula. Dawa yote iliyokuwepo ilikuwa ya siku 5 tu, nayo ilinyooshwa kwa kukusanya mkojo wake, kuupeleka maabara kwa baiskeli, kuitoa penisilini iliyokuwamo na kumrudishia. Ilipokwisha alikaa siku kadhaa akiwa na nafuu, kisha maambukizi yakarudi kwa nguvu, na tarehe 15 Machi akafariki. Dawa ilikuwa sahihi na njia ilikuwa sahihi. Zilizopungua ni siku.

Mwaka huohuo wa 1941 madaktari wa Boston City Hospital walichapisha habari za wagonjwa 122 waliokuwa na Staphylococcus aureus kwenye damu kabla ya enzi ya penisilini, na asilimia 82 walikuwa wamekufa. Leo, kwa dawa zinazofaa, vifo viko takriban kati ya asilimia 20 na 30, kiasi ambacho bado kinatisha. Bakteria huyu ana tabia ya kunata. Hupita kwenye damu akatafuta vali ya moyo, pingili za mgongo, kiungo, chuma alichowekewa mtu aliyevunjika mguu, akajenga makazi ambamo damu hupenya kwa shida na dawa huingia kidogokidogo. Homa inaweza kushuka kwa sababu waliokuwa kwenye damu wamekufa, ilhali waliojificha kwenye vali bado wako hai. Kwa hiyo mgonjwa mwenye hali nyepesi kabisa hupewa siku zisizopungua 14, na aliyekutwa na makazi ya namna hiyo hupewa wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Hesabu yenyewe haianzi siku ya kulazwa, bali siku ambayo damu iliyochukuliwa tena haikuotesha kitu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza, hasa kutoka kwa wataalamu wa maabara, famasi na watoto.

#2 Mwana wa Pangani

Dada muuguzi, ahsante sana, nimesoma uzi wako nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Baba yangu ana miaka 67, ana kisukari, na leo ni siku ya tisa tangu alazwe. Majibu ya damu yalisema ni huyo Staphylococcus aureus uliyemtaja, naye anachomwa kloksasilini. Homa ilikwisha siku ya nne. Tumeambiwa wiki nne, lakini hajapigwa kipimo chochote cha moyo, na damu haijachukuliwa tena. Binamu yangu anayefanya kazi hospitalini ughaibuni ametuambia kwamba utafiti mpya umeonyesha siku saba zinatosha kwa bakteria kwenye damu, na wadogo zangu sasa wanataka baba atoke. Naomba mnisaidie kuelewa nani anasema kweli.

#3 Muuguzi wa Zamu

Kaka, pole sana kwa kuuguza. Binamu yako hajasema uongo, ila amechukua matokeo ya watu wengine akayavika mgonjwa wako. Utafiti anaoutaja bila shaka ni ule uitwao BALANCE, uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Ulihusisha wagonjwa 3,608 katika hospitali 74 za nchi 7, ukalinganisha siku 7 na siku 14 za antibayotiki. Ndani ya siku 90 walifariki asilimia 14.5 ya waliopewa siku 7 na asilimia 16.1 ya waliopewa siku 14, yaani tiba fupi haikuwa dhaifu kuliko ndefu. Ni habari njema kwelikweli, hasa kwa wenye bakteria aitwaye E. coli aliyetoka kwenye njia ya mkojo, na natamani iwafikie wenzetu wote ambao bado huandika siku 14 kwa mazoea. Lakini wagonjwa wenye Staphylococcus aureus waliondolewa tangu mwanzo, kwa sababu hizohizo za kunata nilizozieleza.

Upo pia utafiti wa Ulaya uitwao SABATO, wa mwaka 2024, ambao ulijaribu kuwahamishia wagonjwa wa bakteria huyu kwenye vidonge baada ya siku 5 hadi 7 za mshipa. Wagonjwa 213 walishiriki na matokeo ya pande zote mbili yalikaribiana. Ila ili kuwapata hao wachache wenye hatari ndogo, watafiti walichuja zaidi ya wagonjwa 5,000. Baba yako, ambaye damu yake haijarudiwa na moyo wake haujatazamwa, hatuwezi kumhesabu kati ya wenye hatari ndogo, kwa sababu hatujui.

Ombi langu kwako ni moja. Kesho kwenye raundi ya asubuhi, muulize daktari kwa heshima mambo mawili: damu itaoteshwa tena lini, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kitafanyika lini. Ukimkuta ana wagonjwa wengi, subiri amalize kitanda cha mwisho, kisha mfuate. Na kama baba analalamika maumivu ya mgongo au ya kiungo ambayo hakuwa nayo kabla, litaje hilo kwanza.

#4 Mtu wa Maabara

Nashukuru kwa uzi huu, na naomba nizungumzie chupa za kuoteshea damu, kwa sababu huko ndiko tiba nyingi zinapopotea kabla hazijaanza.

Katika damu ya mtu mzima mwenye maambukizi, mara nyingi kuna chini ya bakteria mmoja kwa kila mililita moja. Sasa nikiletewa chupa yenye mililita 2, nitawezaje kumpata? Kwa mtu mzima tunahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Kwa mtoto mdogo kiasi hupungua kulingana na uzito wake. Sehemu mbili zina faida nyingine: bakteria wa kawaida wa ngozi akiota kwenye chupa moja tu kati ya zote, tunashuku kwamba ni uchafu ulioingia wakati wa kuchoma, lakini Staphylococcus aureus hata akiota kwenye moja hatumpuuzi kamwe. Ngozi isafishwe kwa spiriti au klorheksidini na iachwe ikauke yenyewe, bila kupapaswa tena kwa kidole kutafuta mshipa.

La pili ni wakati. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa maana dozi moja hutosha kuwanyamazisha bakteria kwenye chupa bila kuwamaliza mwilini. Huku kwetu wagonjwa wengi hufika wakiwa wameshachomwa sindano mbili tatu za seftriaksoni kwenye duka la dawa, chupa zinakaa siku tano kwenye mashine, na jibu linatoka kwamba hakuna kilichoota. Daktari hubaki anakisia. Wengine huletwa na karatasi ya kipimo cha Widali kinachodai wana taifodi, na wametibiwa taifodi mara tatu mwaka huo, ilhali Widali ya mara moja haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba bakteria yumo kwenye damu.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Kama mgonjwa yuko kwenye mshituko, yaani shinikizo lake la damu limeshuka mno, na chupa hazipo wodini, dawa isisubiri chupa. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unataka mgonjwa aliye kwenye mshituko apate antibayotiki ndani ya saa 1, na yule ambaye sepsisi inashukiwa tu lakini hana mshituko apewe nafasi ya kuchunguzwa haraka, dawa ianze ndani ya saa 3 ikiwa shaka bado ipo.

#5 Mama Watatu

Mimi si mtaalamu. Mtoto wangu wa pili alilazwa akiwa na miezi kumi na minne, kipimo cha malaria kikatoka na wadudu, akaanza dawa ya malaria, na siku ya pili akazidi kuzidiwa mpaka daktari wa zamu ya usiku akaongeza antibayotiki za mshipa. Alipona, namshukuru Mungu. Swali langu ni hili: kama malaria ilionekana, bakteria walitoka wapi?

#6 Daktari wa Watoto

Mama, swali lako ni zito, na daktari yule wa usiku alifanya kazi nzuri. Malaria kali huvunja chembe nyekundu za damu na kuzidhoofisha kinga za mwili zinazowala bakteria, hasa jamii ya Salmonella ambayo si ya taifodi. Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na kuona wadudu wa malaria hakumwondolei mtoto aliyezidiwa uwezekano wa kuwa na bakteria. Utapiamlo na VVU huongeza hatari hiyohiyo.

Ushahidi wa suala hili umetoka hapahapa Afrika Mashariki. Katika hospitali ya Kilifi, kati ya mwaka 1998 na 2002, watoto waliolazwa walipimwa damu kwa kuotesha, na ikaonekana kwamba asilimia 26 ya vifo vyote vya watoto wodini vilikuwa vya wale waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka majumbani. Kati ya vifo hivyo 308, thuluthi moja vilitokea siku ileile ya kulazwa na asilimia 70.5 ndani ya siku mbili. Naomba msomaji aitafakari takwimu hiyo ya mwisho. Majibu ya chupa hutoka baada ya siku mbili au zaidi. Kwa hiyo wengi wa watoto hao walikuwa wameshafariki kabla ya maabara kusema neno. Dawa ya kwanza, ile inayochaguliwa kwa kukisia, ndiyo iliyokuwa nafasi yao.

Na kukisia vibaya kuna gharama. Huko Muhimbili, katika utafiti wa mwaka 2001 na 2002 uliohusisha watoto 1,828, walifariki asilimia 43.5 ya wale waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi kwenye damu, zaidi ya mara mbili ya asilimia 20.2 waliofariki kwa malaria. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikufa zaidi. Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga, ambako tunaanza na ampisilini pamoja na jentamaisini kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na nimeshuhudia bakteria aitwaye Klebsiella akizidharau zote mbili. Huwezi kuuzoea usiku kama huo.

Nigusie na maji ya dripu, kwa kuwa wazazi wengi hutusihi tumwongezee mtoto maji. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, ulichapishwa mwaka 2011 na kuonyesha kwamba watoto waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5, kuliko wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Antibayotiki ni ya haraka, lakini maji kwa watoto wa namna hiyo yanahitaji kipimo na uangalifu.

#7 Mfamasia wa Wodi

Naongezea machache ambayo huniumiza ninapopita wodini. Seftriaksoni isichanganywe na maji ya Ringer, kwa sababu kalsiamu iliyomo hushikamana na dawa na kufanya chembe ngumu; kwa watoto wachanga jambo hilo limewahi kusababisha vifo. Vilevile seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lignokeini, dawa ya ganzi, ni ya msuli tu, isipelekwe kwenye mshipa kamwe. Vankomaisini ikipitishwa haraka mgonjwa huwashwa na kuwa mwekundu usoni na kifuani, hata shinikizo lake hushuka. Gramu moja ipite kwa muda usiopungua dakika 60.

Kuhusu usugu, jibu la maabara likionyesha kwamba E. coli au Klebsiella imeshinda seftriaksoni, kuongeza siku za seftriaksoni hakusaidii. Utafiti wa MERINO wa mwaka 2018 uliwatazama wagonjwa wa namna hiyo: waliopewa meropenemu walifariki asilimia 3.7 ndani ya siku 30, na waliopewa piperasilini pamoja na tazobaktamu asilimia 12.3. Lakini meropenemu ni ghali, na tukiitumia kwa kila homa tutaipoteza kama tulivyokwisha kuzipoteza nyingine. Na kinyume chake ni kweli pia: Staphylococcus aureus anayekubali kloksasilini hutibiwa vizuri zaidi kwa kloksasilini kuliko kwa vankomaisini, ingawa vankomaisini ina sifa ya kuwa dawa kubwa. Kwa hiyo, Mwana wa Pangani, mzee wako yuko kwenye dawa inayomfaa, wala msiombe abadilishiwe kwa sababu mmesikia jina zito zaidi.

#8 Mwana wa Pangani

Narudi baada ya siku sita kuwaeleza yaliyotokea. Nilimsubiri daktari mpaka kitanda cha mwisho kama nilivyoshauriwa. Hakukasirika, alisema chupa zilikuwa zimekwisha na alikuwa amepanga kurudia zikifika. Zilifika siku iliyofuata, damu ikachukuliwa mikono yote miwili, na hakuna kilichoota. Kipimo cha eko tulikifuata hospitali nyingine kwa gari la kukodi, na kilionyesha kijinyama kidogo, yaani makazi ya bakteria, kimeota kwenye vali ya upande wa kushoto ya moyo. Baba hakuwa na maumivu yoyote ya kifua. Wadogo zangu walipoonyeshwa picha walinyamaza kimya, na suala la kumtoa halijarudi tena.

Sasa tumeambiwa wiki sita, kuanzia siku ya damu ile iliyokuwa safi. Kanyula ya mkono wa kushoto ilikuwa imevimba na kuuma, ikatolewa, wakaweka mpya mkono wa kulia. Nina swali la mwisho: dozi ya saa sita usiku imechelewa mara mbili kwa sababu muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya thelathini. Je, nimwamshe, au nitaonekana msumbufu?

#9 Muuguzi wa Zamu

Mkumbushe, kaka, tena mkumbushe mapema, saa tano na nusu, ili apate nafasi ya kuyeyusha dawa. Mimi nimekuwa muuguzi huyo wa peke yake usiku, na ndugu wa mgonjwa aliyekuja taratibu kuniambia kwamba saa ya dawa inakaribia hakunikera hata siku moja. Mwombe pia aandike saa halisi aliyoitoa kwenye karatasi ya dawa, si saa iliyopangwa, ili anayepokea zamu ajue dozi inayofuata iende vipi. Kanyula mpya itazame kila siku: ngozi ikiwa nyekundu, ikiwa ya moto, au mshipa ukiwa mgumu kama kamba, sema hapohapo, kwa sababu baba yako mwenye kijinyama kwenye vali hatakiwi kupata mlango mwingine wa bakteria. Na akianza kuhema usiku, akavimba miguu, au ghafla akashindwa kuinua mkono au kutamka maneno, hilo lisingoje raundi ya asubuhi.

#10 Mwana wa Pangani

Nimeelewa, dada. Usiku wa leo nilimfuata saa tano na nusu, na dawa iliingia saa sita na dakika tano. Baba ameomba kalenda, nimemtundikia ukutani juu ya kitanda, na anakata tarehe kwa kalamu mwenyewe. Amekata nane, zimebaki thelathini na nne.